Ilimba ya Wagogo na Mafundi Waliojitungia Sauti

Katika Maandiko Matakatifu ziko habari tatu za watu waliobuni ala za muziki, nazo yafaa tuziweke pamoja. Kwanza, katika Mwanzo mlango wa 4, twapata habari za Yubali, aliyewatangulia watu wote wa kinubi na filimbi. Pili, katika kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, mlango wa 23, twasoma kwamba mfalme Daudi aliwaweka Walawi 4,000 wamsifu Mungu kwa ala alizozitengeneza yeye mwenyewe. Tatu, katika Amosi mlango wa 6, nabii awakemea matajiri waliojinyosha juu ya vitanda vya fahari na kujibunia ala kama alivyofanya Daudi, huku maangamizi ya ndugu zao hayawaumi hata kidogo.

Basi twaona kwamba kazi ni moja, lakini Daudi asifiwa nao wakaripiwa. Kilichokemewa si ubunifu, bali ni kuwasahau watu. Neno hilo tulishike njia yote, maana leo nataka kueleza habari za mafundi ambao hawakuridhika na ala walizozikuta, wakajitengenezea nyingine. Mmoja ni jirani yetu, mtu wa Ugogo, nchi iliyo magharibi ya Kilosa. Mwingine ni Mmarekani, mtoto wa wamisionari. Lakini kwanza sina budi kuungama kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifanya niyatafute mambo haya.

Kosa la utotoni

Kilosa ni nchi ya watu wa makabila mengi. Wenyeji ni Wasagara, na Wakaguru upande wa kaskazini, na Wavidunda huku kusini tukielekea Mikumi. Lakini reli ya kati, iliyofika Morogoro mwaka wa 1907 na Kigoma mwaka wa 1914, ilipita hapa kwetu. Mashamba ya mkonge yakafunguliwa, na Wagogo, Wanyamwezi, Wahehe na wengine wengi wakaja kutafuta kazi. Kila kabila lilikuja na ngoma yake.

Katika utoto wangu alikaa kijijini kwetu mzee mmoja Mgogo, aliyekuja katika ujana wake kukata mkonge, asirudi tena kwao. Alikuwa na ilimba, yaani marimba ya mkono. Hiyo ni sanduku la mti lililochimbwa ndani, na juu yake zimefungwa ndimi nyembamba za chuma, ambazo mpigaji huzibonyeza na kuziachia kwa vidole gumba. Jioni mzee aliketi barazani akapiga polepole, nasi watoto tukamzunguka. Tulistaajabu kwamba alipogusa ulimi mmoja, sauti iliyotoka haikuwa ya ulimi mmoja tu. Ilikuwa kama mtu aliyeita, na watu wakamwitikia kutoka nyumba ya pili.

Mwaka mmoja, Sikukuu ya Mavuno ilipokaribia, mwalimu wa kwaya alipenda ilimba ile ipigwe kanisani pamoja na kinanda. Nia yake ilikuwa njema, wala simlaumu. Lakini walipojaribu, sauti ziligombana. Kinanda kilisema neno, na ilimba ikasema neno lililo karibu nalo, lakini si lile hasa. Mwalimu akasema, “Mzee, marimba yako imeharibika, sauti zake haziko sawa.” Mzee akajibu, “Mwalimu, hii aliitengeneza marehemu baba yangu, nami naijua. Haijaharibika.” Lakini alikuwa mtu mpole, tena alipenda kumtumikia Mungu, basi akakubali irekebishwe.

Nikaitwa mimi, kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa vidogo. Mwalimu alipiga sauti kwenye kinanda, nami kwa koleo nikausukuma ulimi huu mbele na kuuvuta ule nyuma, mpaka zile ndimi zinazopigwa zikapatana na kinanda. Ndimi ndogo za pembeni, ambazo mzee hakuzigusa kamwe kwa vidole, tuliziacha kama zilivyo, tukidhani ni pambo.

Siku ya sikukuu ilimba ikapigwa, watu wakaisifu. Ila mzee hakufurahi. Ibada ilipokwisha aliniita chini ya mwembe, akapiga ulimi mmoja, akaniambia, “Mjukuu wangu, sikiliza. Huyu anaita, lakini ndugu zake hawamwitikii tena.” Nikasikiliza, na kweli, ile sauti ya nyumba ya pili ilikuwa imenyamaza. Alijaribu kuirudisha, lakini macho yake yalikuwa yamefifia na vidole vyake vikitetemeka. Masika yaliyofuata akafariki dunia. Namna ya kulinganisha sauti aliyoirithi kwa baba yake aliingia nayo kaburini, na aliyeshika koleo ni mimi.

Uzi na watoto wake

Miaka ilipita, nikawa mwalimu, na siku moja nikawa nawafundisha watoto habari za sauti kwa ubao na waya. Ndipo nilipofahamu tulilolitenda. Kila msomaji aweza kulijaribu jambo hili nyumbani kwake.

Twaa ubao mrefu, pigilia misumari miwili, na kati yake ukaze waya mwembamba wenye urefu wa sentimeta 84. Upige waya huo, usikie sauti yake nzima. Kisha weka ncha ya kidole juu ya waya mahali pa sentimeta 42, ndiyo nusu yake. Gusa tu, usiukandamize. Upige tena, na mara uondoe kidole. Utasikia sauti ile ile ikiwa imepanda, kama vile mwanamke anavyoimba wimbo mmoja pamoja na mwanamume. Sasa gusa mahali pa sentimeta 28, ndiyo theluthi. Kisha 21, ndiyo robo. Kisha 16 na milimeta 8, ndiyo sehemu ya tano. Kisha 14, ndiyo sehemu ya sita. Kisha 12, ndiyo sehemu ya saba. Kila mahali itatoka sauti mpya, nyembamba na safi kama ya filimbi. Ukigusa ovyo mahali pasipo na hesabu, utapata kishindo tu kisicho na uhai.

Sauti hizo hukuzitia wewe. Zimo ndani ya waya, na kila uupigapo mzima hulia zote pamoja, ila sikio husikia zaidi ile kubwa. Mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba hao ni watoto wa uzi. Hesabu yao ni rahisi. Tuseme waya mzima watikisika mara 100 kwa sekunde moja. Mtoto wa nusu atatikisika mara 200, wa theluthi mara 300, wa robo mara 400, na kuendelea hivyo hivyo, 500, 600, 700, 800, 900, mpaka 1,000 na zaidi.

Sasa, wasomaji, fahamuni jambo hili. Sauti za muziki wa Wagogo hufuata ngazi hiyo hiyo, tangu mtoto wa nne mpaka wa tisa au wa kumi. Hayo yameandikwa na Gerhard Kubik, mtaalamu wa Austria, aliyezunguka katika nchi yetu katika miaka ya 1960 akichunguza muziki. Kabla yake, mwaka wa 1950, alikuja Hugh Tracey kutoka Afrika ya Kusini na mashine ya kunasa sauti, akanasa nyimbo za Wagogo na za makabila mengine ya Tanganyika. Bwana huyo alikuwa na desturi ya kusafiri na seti ya uma za chuma za kupimia sauti, apate kuandika kila ala imelinganishwa namna gani, wala asisadiki sikio lake peke yake. Wazee wa Ugogo hawakuwa na uma za chuma wala tarakimu. Walisikiliza uzi, wakausikiliza tena, wakazipanga ndimi za ilimba kwa kufuata kile walichokisikia.

Kinanda cha kanisani kina sheria nyingine. Kutoka do ya chini mpaka do ya juu pamegawanywa hatua 12 zilizo sawa kabisa. Hesabu kamili ya mgawanyo huo ilitolewa na Zhu Zaiyu, mtu wa ukoo wa kifalme wa China, mwaka wa 1584, na wataalamu wa Ulaya nao waliifikia karibu na wakati huo. Faida yake ni kubwa. Mpigaji aweza kuanza wimbo juu au chini apendavyo, nao utakuwa sawa popote alipoanzia. Lakini faida hiyo ina bei yake. Tukianzia sauti ya 400, watoto wa uzi watatupa 500, 600 na 700. Kinanda kitatupa karibu 504, 599 na 713. Ile ya 600 na ya 599 zimekaribiana hata sikio haliwezi kuzitenga. Ile ya 504 imepanda kidogo. Lakini 700 na 713 zimepishana mara 13 kwa kila sekunde, nazo zikilia pamoja utasikia mtetemo wa haraka unaokwaruza sikio.

Huo ndio ugomvi niliousikia kanisani utotoni. Kinanda hakikuwa kibovu, wala ilimba haikuwa mbovu. Walikuwa wasemaji wa lugha mbili, na mmoja akaambiwa kwamba hajui kusema.

Na zile ndimi za pembeni tulizozidhania pambo? Chuma au uzi huweza kutikisika pasipo kuguswa, ikiwa sauti inayolia karibu nao ni sawa na sauti yake. Mfano wake ni mtoto katika bembea. Ukimsukuma kidogo kidogo kwa wakati wake hasa, hupanda juu sana. Ukimsukuma nje ya wakati wake, bembea husimama. Ndimi hizo za ilimba huwekwa ili ziitikie. Haziguswi, bali huamshwa na sauti za wenzao, ndiyo sababu ilimba moja husikika kama kundi la watu. Basi nilipousukuma kwa koleo ulimi wa sauti ya saba, ndugu yake aliyebaki mahali pake hakuisikia tena sauti iliyokuwa ikimwamsha. Mzee alisema kweli tupu, nasi tuliosoma hatukumwelewa.

Hukwe Zawose wa Ugogo

Fundi aliyeifikisha ilimba mbele ya watu wa nchi za mbali ni Hukwe Ubi Zawose. Alizaliwa katika nchi ya Dodoma karibu na mwaka wa 1940, katika jamaa ya wapiga muziki, akajifunza kwa wazee wake ilimba, zeze na nyimbo za Kigogo. Tanganyika ilipata uhuru mwaka wa 1961, na mwezi wa Desemba 1962 Mwalimu Julius Nyerere akaunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Alisikitika kwamba watu waliosoma walikuwa wamefundishwa kucheza ngoma za Kizungu na kuziona za kwao kuwa si kitu. Mwalimu aliupenda sana muziki wa Zawose, na Zawose akaitwa kutoka Ugogo aje pwani kuitumikia nchi kwa muziki wake. Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa Bagamoyo mwaka wa 1981, alifundisha huko, na jamaa yake wakafanya makao yao katika mji huo.

Mtu angeweza kudhani kwamba mlinzi wa mila atazishika ala kama alivyozikuta, asiongeze wala asipunguze. Zawose hakufanya hivyo. Ilimba ya kale ilikuwa ya kadiri, chombo cha kubebwa mkononi. Yeye alitengeneza malimba makubwa, yenye ndimi nyingi kupita zile za kale, ili sauti zipande juu na kushuka chini zaidi, na zile za kuitikia ziwe nyingi zaidi. Zeze la kale la Ugogo lina uzi mmoja au nyuzi mbili. Yeye akaongeza nyuzi. Hata koo lake mwenyewe alilifanya ala, maana aliweza kutoa sauti nzito ya chini, na juu yake ikasikika nyingine nyembamba. Lakini katika nyongeza zote hizo hakuuacha mpangilio wa sauti alioupokea kwa wazee. Aliipanua nyumba juu ya msingi ule ule.

Mwaka wa 1985 ilitoka sahani ya nyimbo zake iitwayo Tanzania Yetu, aliyoifanya pamoja na wenzake Dickson Mkwama na Lubeleje Chiute. Mwaka wa 1996 ilitoka Chibite huko Uingereza, katika nyumba ya muziki iitwayo Real World. Mwaka wa 2002 ikatoka Assembly, aliyoifanya na Michael Brook wa Kanada. Huyu Brook naye ni mbunifu, kwani aligeuza gitaa la umeme akalifanya uzi wake uendelee kulia bila kuzimika kadiri mpigaji apendavyo. Basi walikutana mafundi wawili, kila mmoja na chombo alichokibadili kwa mkono wake. Zawose alifariki dunia Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Watu wa Ulaya, Amerika na Japani walikuwa wameisikia ilimba ikisema lugha yake yenyewe.

Linganisha habari hiyo na ya Hugh Tracey niliyemtaja. Baada ya kupima sauti za ala nyingi za Afrika kwa bidii na heshima, alianza katika miaka ya 1950 kutengeneza marimba ya mkono ya kuuza ng’ambo, akaiita Kalimba. Lakini aliilinganisha kwa do, re, mi ya Kizungu, wanunuzi waweze kuipiga nyimbo walizozizoea. Ni chombo kizuri, nacho kimewaleta watu wengi karibu na Afrika. Hata hivyo aliyejua zaidi ya wote kwamba malimba yana sauti zake, ndiye aliyeyapeleka nje yakiwa yamevaa sauti za wengine. Siandiki haya ili kumshutumu. Nataka tu tuone jinsi ilivyo vigumu hata kwa mtu mwema kuuacha mlinganyo wa kigeni usikiwe kama ulivyo.

Mtoto wa wamisionari na kinanda chake

Pengine msomaji atauliza, je, Wazungu wenyewe wote waliridhika na zile hatua 12 za kinanda? La, hawakuridhika wote. Aliyekataa kwa nguvu kuliko wengi ni Harry Partch wa Marekani.

Partch alizaliwa California mwaka wa 1901. Baba na mama yake walikuwa wamisionari katika China, wakarudi kwao wakati wa machafuko yaliyowaangukia wageni na Wakristo wa nchi ile. Katika mwaka wa 1923 kijana huyu alikuta katika maktaba kitabu cha Hermann von Helmholtz, mtaalamu wa Ujerumani, kinachoeleza asili ya sauti. Humo alisoma habari zile zile za uzi na watoto wake. Akaona kwamba kinanda alichofundishwa tangu utoto kimezipinda sauti hizo ili zilingane na hesabu ya 12. Mwaka wa 1930 alizichoma motoni nyimbo zote alizokuwa amezitunga, akaanza upya. Naye hakuwa tajiri. Katika miaka ya taabu iliyofuata alitangatanga nchini mwake kwa kudandia magari ya moshi ya mizigo pamoja na watu wasio na kazi wala makao.

Aliigawa nafasi iliyo kati ya do na do kuwa sauti 43, wala si kwa hatua sawa, bali kwa kufuata watoto wa uzi mpaka wa kumi na moja. Kwa kuwa hapakuwa na ala duniani ya kuzipiga sauti hizo, ilimbidi azitengeneze. Alitwaa kinanda cha upepo, ndugu wa vile vilivyotumiwa makanisani, akazilinganisha upya sauti zake zote. Mwaka wa 1946 alitengeneza marimba ya mbao zilizopangwa kwa umbo la almasi. Mwaka wa 1950 alitwaa magudulia makubwa ya kioo kutoka maabara ya chuo kikuu huko Berkeley, akayakata, akayatundika, na kuyapiga kama kengele. Alitengeneza nyingine nyingi, hata za vibuyu. Mwaka wa 1949 alikuwa ametoa kitabu kikubwa kueleza mawazo yake, nacho kinasomwa hata leo. Alifariki mwaka wa 1974.

Tuwatazame basi watu hawa wawili. Mmoja alifundishwa na kitabu, mwingine na wazee. Mmoja aliiacha njia ya walimu wake akaanza peke yake. Mwingine aliishika njia ya baba zake akaiongeza urefu. Lakini ile sauti ya saba, ambayo kinanda hakina mahali pa kuiweka, ilikuwa katika ala za wote wawili. Partch alichoma kazi za ujana wake na kutangatanga miaka mingi ili aipate. Mzee wa kijijini kwetu alikuwa nayo mapajani kila jioni, nasi tukaindoa kwa koleo katika muda wa saa moja.

Tujifunze nini

Mtu asiseme kwamba nataka vinanda vitupwe nje ya makanisa. Kinanda kimetufundisha kuimba sauti nne, nami nakipenda. Wala sisemi kwamba sheria ya uzi ndiyo pekee iliyo halali. Baganda, katika amadinda yao ya mbao, hugawa nafasi ya do na do kwa hatua tano zinazokaribia kuwa sawa. Wachopi wa Msumbiji, katika timbila zao, huigawa kwa hatua saba za namna hiyo. Kila moja ni kazi ya akili na sikio la watu wengi kwa muda mrefu. Mwenyezi Mungu aliyeumba sauti hakuumba njia moja ya kuzipanga, kama vile hakuumba lugha moja ya kumwomba.

Neno langu ni hili. Tusikiapo ala ya wazee isiyopatana na kinanda, tusiseme upesi kwamba imeharibika. Kwanza tuulize imelinganishwa kwa kufuata nini, na ikiwa mwenye ala yu hai, tumsikilize mpaka mwisho. Pili, tusiiguse kwa koleo kabla ya kuandika au kunasa sauti zake. Siku hizi jambo hilo ni jepesi, maana simu nyingi za mkononi zaweza kunasa sauti, na mtoto wa shule aweza kuipeleka barazani kwa babu yake. Tatu, tukitaka ilimba iimbe kanisani, tuipe wimbo wake. Kinanda kinyamaze kidogo, ilimba iseme, kisha kinanda kiendelee. Watu wawili wenye adabu hawasemi kwa pamoja.

Nne, vijana wetu wasidhani kwamba kushika mila ni kukaa kimya. Zawose alibuni. Watoto wake nao wamebuni. Mwanawe Msafiri amechanganya ala za Kigogo na muziki wa siku hizi. Mwaka wa 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa nyimbo zao wenyewe huko Real World, ingawa zamani wanawake wa Ugogo walikuwa na ngoma zao na kuwaimbia wanaume, wala hawakutazamiwa kusimama mbele na ilimba. Msingi ni ule ule, na nyumba imeongezwa chumba.

Nami mwaka uliopita nilijaribu na wanafunzi wangu huku Mikumi kutengeneza ilimba. Tulichimba kipande cha mti, tukaponda spoki za baiskeli na misumari mpaka ikawa bapa, tukazifunga juu yake. Mara ya kwanza ilikohoa tu. Mara ya pili ilikuwa afadhali. Basi tukautwaa ule ubao wenye waya wa sentimeta 84, tukausikiliza mtoto mmoja mmoja, na kila ulimi tukaulinganisha nao. Tulipomaliza niliweka chembe chache za mchanga juu ya ulimi mdogo wa pembeni, nikamwambia mtoto apige ule mkubwa ulio mbali. Chembe zikaanza kurukaruka, wala hakuna aliyeugusa. Watoto wakapiga kelele za furaha. Mimi nilimkumbuka mzee wangu, nikatoka nje kidogo.

Ilimba yetu si kitu mbele ya ile niliyoiharibu. Lakini yaitika. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Nami naongeza kwamba mbacha ukichakaa, yafaa mwenyewe aususuke upya, wala asingoje mgeni amletee. Amosi aliwakemea waliobuni ala na kuwasahau ndugu zao. Sisi tusiwe wale wanaoziacha ala za ndugu zao zife, kisha waimbe kwa furaha siku ya mavuno kana kwamba hakuna kilichopotea. Ikiwa karibu nawe yuko mzee mwenye ilimba au zeze, nenda kamwamkie jioni hii, ukae barazani pake, usikilize.